Harusi ya Magunzi

Mwanangu Oliva,

Sasa hivi umeingia humu ndani kwa kunyata, ukadhani sikuoni kwa kuwa nilikuwa nimeinama nakunja nguo zako. Umefungua begi, umesukuma ndani kile kifuko cha karanga nilizokaanga asubuhi, ukakifunika kwa sweta. Ulipogeuka ukanikuta nakutazama. Hukukimbia. Ulikuja ukaning'inia shingoni, ukaninong'oneza, "Mama, hizi za kwenda nazo. Keki ya shangazi mimi sitakula. Akinipa nitasema nimeshiba." Nikakufinya shavu, nikacheka, ukatoka mbio kurudi uani kwa wenzako.

Nilicheka kwa furaha, Oliva, na furaha yenyewe haikuwa nzuri. Nilifurahi kama mtu aliyeambiwa ameshinda kesi. Nikajisemea, hata akienda, tumbo lake limebaki kwangu. Halafu nikakaa kitandani juu ya nguo zako, nikaona kwamba jambo nililolifanya mimi limefika mpaka ndani ya begi lako, na kesho asubuhi litapanda gari nawe liende Sumbawanga. Ndipo nikachana kurasa hizi katikati ya daftari lako la hesabu la mwaka jana.

Sikuandikii habari za kuoga na kuamkia wakubwa. Hayo unayajua, na usiyoyajua shangazi yako atakuambia, mdomo anao. Nakuandikia kwa sababu kusema nimeshindwa. Mara tatu wiki hii nimekuita nikuambie, na kila ukija nakutuma maji. Ndoo zimejaa nyumba nzima. Wewe unasoma vizuri kuliko mimi niliyeishia darasa la saba, kwa hiyo ukikwama mahali ujue ni mwandiko wangu, si akili yako. Isome ukiwa peke yako. Shangazi yako usimwonyeshe. Sijapata uso wa kumpa.

Mimi nina wivu na shangazi yako. Haya, nimeliandika, na kalamu haijavunjika.

Nina wivu na viatu vyake vinavyolia akitembea. Nina wivu na baba yako anavyokaa wima kwenye kiti dada yake akiingia, mtu ambaye mimi nikiingia hata miguu haondoi njiani. Nina wivu akikuita "mama" na wewe ukaitika haraka kuliko ninavyokuita mimi niliyekuzaa. Unajua hajajaliwa mtoto. Kila mtu ananiambia ni jambo jema uende ukae naye huko Majengo, Sumbawanga, shule za mjini zina madawati, naye atapata wa kumchangamshia nyumba. Wanasema hivyo, na mimi nasikia neno moja tu: atakuchukua.

Ngoja nikueleze mahali wivu ulipoanzia, maana haukuanzia kwake. Ulianzia kwenye mikono yangu.

Nilipokuwa msichana hapakuwa na kitu madukani. Tulipanga foleni ya sabuni tangu alfajiri na pengine tunarudi na kibiriti. Mtoto kununuliwa mwanasesere, hilo lilikuwa jambo la kwenye picha. Basi mimi nikawa fundi. Gunzi la mahindi likishapukuchuliwa nililifanya mtu. Nilimsuka nywele za ndevu za mahindi, nikamshonea gauni la maganda laini yale ya ndani, nikamchoma macho kwa kijiti cha moto. Watoto wa kijiji kizima walikuja kwetu. Hata msichana ambaye baadaye aliolewa kwa mahari ya ng'ombe wengi kuliko mimi alikuwa ananibembeleza nimtengenezee mtu wa gunzi. Sikuwa mzuri wa sura wala wa hesabu, lakini kwa mikono nilikuwa tajiri, na sikujua kwamba utajiri wangu ulitokana na maduka kuwa matupu.

Wewe umezaliwa wakati vitu vimeanza kuingia. Leo kandambili, kesho redio, keshokutwa mitumba imemwagwa sokoni Matai watu wanachagua kama wanachambua maharage. Nilifurahi kama wengine. Nilinunua sufuria. Sikufikiri kwamba siku moja vitaingia vya watoto pia.

Vikaingia. Ulipotimiza miaka sita shangazi yako alikuja kukuchukua ukakae naye wiki moja, akakufanyia sherehe ya kuzaliwa huko kwake. Sisi huku siku ya kuzaliwa tulikuwa tunaijua kwenye cheti cha ubatizo tu. Uliporudi hukusalimia. Ulianza kusimulia kabla hujavua viatu: sherehe ilikuwa ya maua, kila mtoto alivaa njano, kuta zote zilikuwa maua, keki ilikuwa ua, na ulipuliza mshumaa wakapiga makofi. Mkononi ulikuwa na puto la njano limeshaanza kusinyaa. Ulilala nalo. Nilikuwa nimekutengenezea watu wa gunzi watatu wa kukukaribisha, familia nzima, baba na mama na mtoto. Uliwashika, ukasema, "Asante mama," kama unavyomwambia mgeni, ukawaweka dirishani.

Puto lako halikupasuka lenyewe, Oliva. Nilikuambia limepasuka kwa baridi, ukaniamini, ukalia. Nililitoboa mimi kwa ile sindano ya kushonea magunia, ulipokwenda kisimani. Lilitoa upepo kidogo tu, halikulia hata paa. Nilitegemea kupata raha na sikupata.

Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, shangazi yako akaleta taarifa kwamba safari hii atakuja yeye huku na keki, awafanyie sherehe watoto wote wa ukoo, ili na bibi yako aone. Atafika Ijumaa. Bibi yako, mama yake, akaanza kufagia uwanja siku tatu kabla. Mimi ndiye ninayeishi naye, ninamsongea ugali kila siku, na sijawahi kuona akinifagilia hata kizingiti.

Nikasema moyoni, njoo na keki yako. Utakuta watoto wameshashiba, wameshacheza, na hawana haja.

Ndipo nikatunga ile harusi. Unaikumbuka, najua, maana hata leo mkicheza mnaitaja. Sherehe yake ilikuwa ya maua, yangu ingekuwa harusi, kila kitu harusi. Nilikaa wiki nzima. Nilitengeneza bwana harusi wa gunzi refu, na bibi harusi nikamvika shela ya kipande cha chandarua kilichochakaa. Padre nilimshonea kanzu kwa karatasi ya mfuko wa sukari. Nilisuka mataji ya maganda ya mahindi kwa kila mtoto, kumi na nne, na mnyororo wa kutandaza uani kwa maganda niliyoyachovya kwenye maji ya udongo mwekundu. Baba yako alikunja waya wa gari la maharusi, magurudumu ya kandambili. Nilitaka na mahari ilipwe. Ng'ombe wa udongo mimi siwajui, nawafanya wanafanana na mbuzi, basi nikamwendea jirani yetu Mama Kulwa. Wao ni watu wa kutoka Usukumani, wamekuja na mifugo, watoto wake Kulwa na Doto wamelelewa miguuni mwa ng'ombe. Walinifinyangia ng'ombe kumi na wawili, wenye nundu na pembe, mmoja ana mimba. Doto alikuwa ananieleza kila mmoja tabia yake.

Mkaunda na kamati ya harusi. Kulwa mwenyekiti, wewe katibu. Mlikaa vikao nyuma ya ghala, mkagombana mpaka mkamfukuza mjumbe. Nilikuwa nawasikiliza huku nasuka, nikasema hivi ndivyo ilivyokuwa kwetu, watoto wamerudi mikononi mwangu. Sijawahi kuwa na wiki nzuri kama ile. Ningeishia hapo, Oliva, ningekuwa leo nakuandikia salamu tu.

Harusi haikosi kinywaji. Nikapika togwa Jumatano, kwa unga wa mahindi na kimea cha ulezi, chungu kikubwa kile cha bibi yako. Ulikuwa mwezi wa baridi na togwa kwenye baridi inachelewa kuwa tamu, kwa hiyo nikaiweka karibu na jiko ipate joto. Ijumaa asubuhi ilikuwa tamu sawasawa. Mngekunywa siku ile, mngenenepa tu.

Lakini shangazi yako hakufika. Lori lililombeba liliharibika njiani. Watoto mlikuja mmeoga, mmepaka mafuta, mnauliza harusi ni saa ngapi. Nikawaambia kesho. Na hapa ndipo nilipokosea. Nilikuwa na kila kitu tayari, mataji, maharusi, togwa tamu, watoto kumi na wanne mlangoni, na nikawarudisha nyumbani. Kwa nini? Kwa sababu yeye hakuwepo kuona. Nilidhani ninawafanyia ninyi. Siku ile kama ningekuwa na akili ningejua ninamfanyia yeye, ninyi mlikuwa mapambo kama ule mnyororo.

Jumamosi hakufika. Jumapili wakati watu wanatoka misani ndipo nikamwona anashuka kwenye gari la watu wengine, vumbi hadi kwenye nyusi, amepakata boksi la keki mapajani kama mtoto mchanga. Nikakimbilia chungu. Togwa ilikuwa inatoa povu. Mama Kulwa alikuwa amekuja kunisaidia kuosha vikombe, akaonja kwa kidole, akanitazama.

"Mama Oliva," akasema, "hii imeshakuwa ya wakubwa."

Nikamwambia imechachuka kidogo tu, sukari itairudisha. Akasema sukari haiirudishi, inaipeleka mbele. Nikamwambia yeye anajua maziwa, togwa aniachie mimi. Nilimwambia hivyo, mwanamke ambaye watoto wake walinifinyangia ng'ombe kumi na wawili. Nikamimina sukari yote iliyokuwa ndani ya nyumba. Nikaonja. Ilikuwa tamu, na chini ya utamu ilikuwa inauma ulimi. Nilijua, Oliva. Nisikudanganye kwamba sikujua. Ila keki ilikuwa imeshawekwa mezani na watoto mlikuwa mmeanza kuizunguka.

Harusi ikafungwa. Padre wa gunzi akasema maneno yake kwa sauti ya Kulwa, mahari ikahesabiwa, mama wa bibi harusi akakataa ng'ombe mmoja akisema ni kilema, watu wazima wakacheka mpaka bibi yako akashika mbavu. Nilimwona shangazi yako amechuchumaa kwenye vumbi na gauni lake la mjini, ameshika yule bibi harusi, anamgeuzageuza. Akaniambia nimsukie na wa kwake. Nilisikia kichwa kimekuwa kikubwa. Mkanywa togwa. Mkacheza, mkanywa, mkala vipande vya keki, mkanywa tena. Mimi ndiye niliyekuwa nawajazia vikombe. Kila aliyerudi kuongeza nilihesabu ni kura yangu.

Wa kwanza alikuwa Doto, alikaa chini ghafla akaanza kulia akisema anamtaka ng'ombe wake. Kisha wewe ukatapika, gauni jeupe lote. Kisha watoto wa upande wa bibi harusi wakaanza kugongana kama vifaranga. Watu wakawa bado wanacheka. Ndipo mama yako mdogo akamwinua Joni, mwanawe, aliyekuwa na miaka mitatu tu, alikuwa amelala kati ya wale ng'ombe wa udongo, na hakuamka. Akamtikisa, kichwa kikaanguka upande. Sitaki kukuandikia sauti aliyoitoa mama yake.

Baba yako alimbeba Joni mpaka zahanati, sisi wanawake tunakimbia nyuma. Njia nzima nilikuwa naahidi vitu kwa Mungu, na hata hapo katikati nilikuwa naona viatu vya shangazi yako mkononi mwake, ameshavua, anakimbia pekupeku kunipita.

Nesi akauliza mtoto amekula nini. Bibi yako akanigeukia mimi, maana mwenye harusi nilikuwa mimi. Mdomo wangu ulifunguka. Sijui ningesema nini. Shangazi yako alikuwa ameinama juu ya Joni, amenusa pombe kwenye pumzi yake, nikamwona anajua. Akainuka, akasema, "Amekula keki yangu. Imekaa njiani siku tatu, labda mayai yamechacha."

Nesi naye akamnusa Joni, akatutazama mmoja mmoja, akamwekea maji yenye sukari mdomoni kidogo kidogo. Kulipokuwa kunaingia jioni Joni akafumbua macho, akakojoa, akalala usingizi wa kawaida. Asubuhi yake aliamka anauliza gunzi lake liko wapi.

Pale nje ya zahanati nilimfuata shangazi yako nimwambie. Nilianza, akanikatiza.

"Wifi, nyamaza tu. Mimi kesho napanda gari naondoka. Wewe unabaki nao."

Alisema hivyo bila hasira, anajipangusa miguu kwa kitenge. Najua ulivyo, utasema nilipaswa kumshukuru. Sikumshukuru. Nilimchukia kuliko siku zote. Keki alinishinda, viatu alinishinda, na sasa hata wema amenishinda, na ameuweka wema wake juu yangu kama mzigo ambao siwezi kuutua mbele za watu. Nilirudi nyumbani nikakanyaga wale ng'ombe wa udongo, wote, mpaka yule mwenye mimba. Nikawaambia ninyi mvua imewaharibu, mwezi ambao hakuna mvua.

Kosa la togwa ni la siku moja. Lililofuata nimelifanya miaka miwili. Watu walipouliza kisimani nilinyamaza kama alivyoniambia, hilo tuseme nilitii. Lakini siku moja mmoja akasema vitu vya mjini haviaminiki, na mimi nikaitikia. Nikasema, "Ndiyo hivyo, wanaweka madawa." Neno likaota miguu. Likarudi kwangu likiwa kubwa kuliko nilivyolitoa. Ninyi watoto mkalisikia, na tangu hapo shangazi yako akija na keki mnakunja mikono nyuma. Analeta, anakata, anaifunika, anarudi nayo Majengo. Hakuwahi kunitazama kwa jicho la kunidai. Mama Kulwa ndiye anayenitazama. Anajua, na amekataa kunisaidia kusahau.

Mwezi uliopita nilikwenda kwake Majengo kupanga habari za wewe kuhamia huko. Nilifika bila taarifa, nikamkuta uani amechuchumaa mbele ya jiko. Sufuria kubwa, ndani yake ameweka mchanga, juu ya mchanga sufuria ndogo, na juu ya kifuniko amepanga makaa. Nikamuuliza anapika nini. Akasema keki, ya mtoto wa jirani. Oliva, miaka yote nilidhani anazinunua. Nilidhani anaingia dukani ananyoosha kidole. Vidole vyake vina makovu ya makaa mpaka kwenye maungio, sijui niliviangaliaje siku zote nisivione. Ndani, kitandani, alikuwa na yale maua ya ukutani uliyoyasimulia. Ni karatasi laini za chooni, anazikunja, anazifunga katikati kwa uzi, anazichovya kwenye maji ya manjano. Nilichukua moja nikaifungua nione imekunjwaje. Akanionyesha. Mimi nikamwonyesha uzi ukizungushwa mara mbili haufumuki. Tulikaa pale tukatengeneza maua thelathini, hatukuongea la maana hata moja.

Nilirudi na wivu ule ule, tena umeongezeka, nisikufiche. Kumuonea wivu mwenye pesa ni rahisi, unasema ni pesa. Huyu ana mikono. Kile kimoja nilichokuwa nacho mimi, naye anacho, na yeye alikuwa anakifanyia watoto ambao si wake, wakati mimi nilikifanya ili nimshinde mtu.

Basi, mwanangu, ukisikia wivu siku moja, nao utausikia, una damu yangu, sitakuambia uufukuze. Wangu haujafukuzika. Ila utazame unakushika wapi. Mimi ulinishika kwenye kikombe nilichokuwa namimina. Mtu anaweza kuwa na wivu akiwa ameweka mikono mapajani, na kusiwe na mtoto wa mtu anayezimia.

Na keki yake ule. Kula hata ukiwa umeshiba. Hiyo ndiyo shida yangu yote usiku na mchana, kwamba utakaa katika nyumba ya mtu anayekupenda huku ukiogopa chakula chake, kwa neno nililolitoa mimi kisimani. Ukimpenda sana nitaumia. Uniache niumie.

Nawasikia huko uani. Shangazi yako amekuja kukuchukua, na leo ya kukuaga ameifanya sherehe ya safari. Mmeunganisha maboksi ya sabuni mkatoa basi refu, kila mtoto na dirisha lake, na Joni ndiye utingo, anapiga ubavuni kwa kiganja anaita Sumbawanga, Sumbawanga. Abiria wamekaa ndani, ni magunzi. Nani amemfundisha shangazi yako kuwafunga nywele namna ile? Sikumfundisha mimi. Umemfundisha wewe. Nimesikia unamwambia, "Hapana shangazi, mama anaanzia chini," na nimelazimika kuacha kuandika kidogo.

Sasa pamekuwa kimya. Nimechungulia mlangoni. Ametoa keki kwenye kikapu, imepikwa kwa umbo la basi, ameikata na kisu bado kiko mkononi. Bibi yako yuko kwenye kigoda, Mama Kulwa amesimama kwenye ua. Watoto wote mmerudi nyuma hatua moja. Joni amejificha kwenye sketi yako. Umemwambia shangazi yako kitu kwa adabu, mikono umeiweka nyuma, naye anatabasamu vile alivyotabasamu nje ya zahanati. Mama Kulwa hatazami keki. Anatazama mlango huu.

Nilitaka nikuandikie pia habari za baba yako, kwamba akinyamaza siku ya kukuaga usidhani hana uchungu, kwa sababu yeye anapokuwa na

Ananiita. "Wifi, njoo basi uwaambie hawa wanao, mimi hawanisikii." Nakuja. Hii barua nitaikunja hivi hivi niiweke kwenye begi, na utakapoisoma utakuwa umeshanisikia kwa masikio yako, mbele ya bibi yako na mbele ya wote, nikisema kwamba siku ile ya harusi kilichomwangusha Joni hakikuwa keki, ilikuwa